Madini ya chuma kwa wasiokula nyama

Wasiokula nyama wanaweza kupata madini ya chuma ya kutosha kutokana na maharage, adesi na mboga za majani, lakini sehemu kubwa ya madini hayo hupotea bila kuufaa mwili iwapo mlo haukupangwa kwa uangalifu.

Chuma huuwezesha mwili kutengeneza himoglobini, sehemu ya damu inayosafirisha oksijeni kutoka mapafuni. Kinapopungua, mtu huchoka upesi, huhema apandapo ngazi na moyo humwenda mbio.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kuwa mwaka 2019 takriban asilimia 30 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 duniani walikuwa na upungufu wa damu. Ukosefu wa chuma ni miongoni mwa sababu zake kuu.

Aina mbili za chuma

Chuma kilichomo katika nyama na samaki hufyonzwa kwa urahisi. Kile cha mimea hufyonzwa kwa kiasi kidogo zaidi, na kiasi hicho hutegemea vyakula vingine vinavyoliwa wakati huo huo.

Ndiyo maana mwaka 2001 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilieleza kuwa asiyekula nyama anahitaji chuma mara 1.8 ya anayekula.

Uingereza hushauri wanawake wa miaka 19 hadi 49 wapate miligramu 14.8 kwa siku, na wanaume miligramu 8.7. Kikombe kimoja cha adesi zilizopikwa kina miligramu 6 na ushei. Spinachi nayo ina chuma kingi, lakini kemikali zilizomo katika majani yake huzuia sehemu kubwa isifyonzwe.

Ndimu na chai

Msaidizi mkubwa wa chuma cha mimea ni vitamini C. Ndimu iliyokamuliwa juu ya adesi, kachumbari yenye nyanya na pilipili hoho, chungwa au pera huongeza kiasi kinachofyonzwa, mradi viliwe katika mlo huo huo. Kwa kuwa moto huharibu vitamini hiyo, ni bora ndimu itiwe baada ya chakula kuepuliwa.

Chai hufanya kinyume chake. Tanini iliyomo ndani yake hukamatana na chuma tumboni, na kikombe kimoja kinachonywewa pamoja na mlo kinaweza kupunguza ufyonzaji kwa zaidi ya nusu. Kahawa pia huzuia.

Kwa hiyo, anayeteremshia chapati na maharage kwa chai hupata faida ndogo kuliko anavyodhani. Si lazima kuiacha chai. Yatosha kuichelewesha kwa saa moja au zaidi baada ya kula.

Kuroweka maharage usiku kucha na kumwaga maji yake husaidia pia, sawa na kupika mchuzi wa nyanya katika chungu cha chuma.

Unga nao huchangia. Sheria ya Uingereza huwataka wasagishaji waongeze chuma katika unga mweupe wa ngano, na Oman ilianza kuuongezea unga madini hayo mwaka 1996.

Kupima kwanza

Hata hivyo, si kila upungufu wa damu husababishwa na ukosefu wa chuma. Selimundu na thalasemia, maradhi ya kurithi yanayojulikana Afrika Mashariki na Oman, huleta dalili kama hizo, na hivyo hivyo ukosefu wa vitamini B12, ambayo kwa asili hupatikana katika vyakula vitokanavyo na wanyama.

Chuma kikizidi mwilini huweza kudhuru ini na moyo, na vidonge vyake ni hatari vikimezwa na watoto. Anayejihisi mchovu kila siku, hasa mja mzito, apimwe damu kabla ya kununua vidonge hivyo dukani.