Moshi unaolinda mahindi humbana mwenye pumu

KATIKA kaya nyingi za wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, jikoni ndiko ghalani. Mahindi ya mbegu hutundikwa juu ya mafiga ili moshi ufukuze fukusi na dumuzi, magunia ya maharage hukaa chumba cha pili, na mara nyingi watoto hulala humo humo. Mkulima hakosei hesabu, kwani mahindi yaliyotobolewa hayana bei sokoni.

Hasara iko upande wa pili. Kwa mwenye pumu, moshi wa kuni hauishii kuwasha macho na kukohoza. Chembe zake na gesi za motoni hudhuru utando wa njia za hewa, nao huvimba. Kifua hicho kikikutana na vumbi la nafaka, ukungu wa maharage yaliyowekwa kabla ya kukauka, au wadudu wa godoroni wasioonekana kwa macho, mzio huwa mkali zaidi. Mwaka 1994 watafiti wa Uingereza waliwapa wagonjwa wa pumu kuvuta gesi ya naitrojeni daioksaidi, ambayo hutoka pia kwenye majiko, kisha vizio vya wadudu hao. Vifua vilibana zaidi kuliko walipoanza kwa hewa safi.

Ndiyo maana mama aliyepika miezi kadhaa bila shida anaweza kubanwa wiki ya kupura maharage. Mavuno hayasubiri. Kibarua atalipwa, na nauli ya hospitali itatoka kwenye fedha ya mbegu.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Lengo ni zuri, ila mtungi wa gesi ukiisha kijijini, kuni hurudi. Wakati huo huo jiko linaweza kutengwa na chumba cha kulala, kuni zikaushwe, na nafaka ihamie kwenye mifuko isiyopitisha hewa, maarufu kama kinga njaa. Humo wadudu hufa kwa kukosa hewa, bila moshi wala dawa, mradi mahindi yamekauka vizuri. Kupura kufanyike nje, mwenye pumu akae upande upepo unakotoka. Moshi ukipungua, asiache dawa ya kuvuta aliyoandikiwa na daktari.