Wahadhiri na tuzitunze sauti zetu

Wahenga walinena kwamba mganga hajigangi. Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi fonetiki, nikiwachorea koromeo na nyuzi za sauti ubaoni. Hata hivyo, muhula uliopita sauti yangu mwenyewe ilinikatika katikati ya mhadhara. Nilipofumbua kinywa, ulitoka mkwaruzo mtupu. Wanafunzi waliandika kwa bidii, wakidhani ninatoa mfano wa sauti sighuna!

Lawama ni yangu. Nilikuwa katika kipindi cha tatu mfululizo, ukumbi umefurika, kipaza sauti hakuna, na tangu alfajiri sikuwa nimetia kitu kinywani ila chai. Jioni, badala ya kwenda kupumzika, nilikwenda kufundisha kibarua katika chuo kingine, maana karo ya watoto haingoji. Huko nilinong'ona kwa saa mbili. Nilipata adhabu ya siku kumi za ububu.

Nyuzi za sauti ni mikunjo miwili midogo tu iliyomo kooni. Mwanamume azungumzapo, hutetema zaidi ya mara 100 kwa sekunde. Mwanamke, karibu mara 200. Hata tukitoa vituo vya kuvuta pumzi, mhadhara wa saa moja ni mitetemo zaidi ya laki moja. Ni kiungo gani kingine tunachokifanyisha kazi hivyo bila kukipumzisha?

Tiba ya awali haihitaji fedha. Mhadhiri na aingie darasani na chupa ya maji, anywe kidogo kidogo. Asizungumze huku ameupa ukumbi kisogo akiandika ubaoni. Ubao wa chaki na ufutwe kwa kitambaa chenye unyevu, vumbi lisimwingie kooni. Aidha, asishindane na kelele. Mwaka 1911, daktari Mfaransa Étienne Lombard alieleza kwamba mtu hupaza sauti bila kujijua panapokuwa na kelele. Basi heri kungoja kimya kuliko kukifokea. Katikati ya kipindi, wape wanafunzi swali walijadili kwa dakika kumi. Wao watafaidika na koo litapoa. Sauti ikikwaruza, usinong'one kwa kujikakamua, kwani huko ni kuzidi kuziumiza nyuzi. Nyamaza. Na mkwaruzo ukipita wiki tatu, mwone daktari wala usijifariji kwa tangawizi, kwa maana huenda ni vinundu, au hata saratani.

Wakuu wa vyuo nao wasijitoe lawamani. Haifai kumkabidhi mtu mmoja wanafunzi mia tatu bila kipaza sauti, kisha kumshangaa anapougua. Seremala hupewa randa. Mwalimu naye apewe chombo chake.

Lakini tusingoje hadi hayo yatimie. Ubao ukivunjika utanunuliwa mwingine. Sauti haina duka.