Taa ya oili: spea ndogo inayolinda mtaji wa gari

KWA mwenye gari la biashara, iwe teksi, pikapu ya mizigo au Hiace ya abiria, taa nyekundu yenye picha ya kopo la oili ni taarifa ya mtaji. Inapowaka barabarani, ama injini haipati oili ya kutosha, ama swichi inayopeleka taarifa hiyo imekufa. La kwanza laweza kuua injini nzima. La pili ni spea inayoenea kiganjani. Hasara huja pale moja linapodhaniwa kuwa jingine.

Inavyofanya kazi

Swichi hiyo hufungwa kwenye injini, mara nyingi karibu na filta ya oili, na katika magari mengi ina waya mmoja. Injini ikiwa haijawashwa hakuna presha, hivyo swichi huunganisha waya na chuma cha injini na taa huwaka. Injini ikiwaka, pampu husukuma oili, presha hukata muungano huo na taa huzimika ndani ya sekunde chache. Swichi nyingi huachia kati ya bar 0.2 na 0.5. Magari yenye geji ya mshale hutumia sensa ya aina nyingine, na spea hizo mbili hazibadilishani.

Kabla ya kwenda dukani

Taa ikiwaka safarini, jambo la kwanza ni kuzima injini na kuchomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa chini ya alama, iongezwe na chanzo cha upungufu kitafutwe.

Pili, waya uchomolewe kwenye swichi, ufunguo ukiwa umefunguliwa bila kupiga stata. Taa ikiendelea kuwaka, waya umechubuka na unagusa bodi. Swichi mpya haitasaidia. Ikizimika, tatizo liko kwenye swichi au kwenye presha yenyewe.

Hatua ya tatu ndiyo inayotenganisha hayo mawili, nayo hurukwa kwa haraka ya kumaliza kazi. Swichi hufunguliwa, geji ya kupimia presha hufungwa kwenye tundu lake, na injini huachwa ipate joto. Kwa injini nyingi ndogo za petroli za Toyota, kiwango cha kiwanda ni angalau kilo 0.3 kwa sentimita ya mraba injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, na kilo 2.5 hadi 5 kwa mizunguko 3,000 kwa dakika. Presha ikiwa sawa, swichi ndiyo mbovu. Ikiwa chini, achunguzwe fundi asije akauza swichi: dawa iko kwenye pampu, chujio lake au beringi zilizolika.

Swichi yenyewe hufunguliwa kwa soketi ndefu, injini ikiwa imepoa. Mpya ipakwe gundi kidogo ya kuzuia kuvuja kwenye nyuzi, bila kuziba tundu lake. Utepe mwingi wa mabomba haufai, kwa kuwa swichi hupata ethi kupitia nyuzi hizo. Isikazwe kwa nguvu nyingi. Kisha injini iwashwe, taa izimike, na pakaguliwe kama panavuja.

Kwa mnunuzi wa gari lililotumika

Taa isiyowaka kabisa ni hatari kuliko inayowaka, maana muuzaji anaweza kuchomoa waya ili kuficha ugonjwa. Mnunuzi afungue ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya oili isipoonekana, aguse waya wa swichi kwenye chuma cha injini. Ikiwaka, swichi ni mbovu au waya ulikuwa umechomolewa. Isipowaka, balbu au waya ndio wenye kasoro. Bei isikubaliwe kabla ya jibu.

Hesabu ya siku

Dereva anayedaiwa hesabu jioni ana sababu ya kumalizia ruti huku taa inawaka. Dakika chache bila presha zatosha kuunguza beringi za krenki, na gari linaloshushwa injini hukaa gereji siku nyingi bila kuleta hesabu hata moja. Mwenye gari mwenye busara hukubaliana na dereva mapema: taa ya oili ikiwaka, gari lisimame, na siku hiyo hesabu haidaiwi. Kusamehe hesabu ya siku moja ni rahisi kuliko kununua injini.