Jinsi vichaka vya jangwani vinavyoepuka kaburi la mchanga

MTU akiona mche wake umefukiwa na mchanga hadi nusu ya kimo, huenda akadhani kwamba jasho lake limepotea bure. Hata hivyo, kwa baadhi ya vichaka vya jangwani, kufukiwa kiasi hicho huwa chanzo cha nguvu mpya.

Mfano bora ni Shapotou, ukingoni mwa jangwa la Tengger, kaskazini mwa Uchina. Mvua huko ni wastani wa milimita zipatazo 180 kwa mwaka. Reli ya kutoka Baotou hadi Lanzhou ilipojengwa katika miaka ya 1950, tisho kubwa lilikuwa mchanga uliohamishwa na upepo. Wataalamu walichomeka mabua ya ngano yakafanya miraba ya mita moja kwa mita moja, kisha wakapanda vichaka ndani yake. Reli ilifunguliwa mwaka wa 1958, na ingali inatumika.

Je, vichaka hivyo vilistahimili vipi?

Mchanga unapofunika mmea, hasara hutangulia. Majani yaliyozikwa hayapati mwangaza wa kutengenezea chakula, nayo hewa huadimika chini. Lakini mchanga wa chini pia huwa baridi na wenye unyevu kuliko ule wa juu unaochomwa na jua.

Kichaka kiitwacho Artemisia ordosica hutumia fursa hiyo. Shina lake lililozikwa huchipuza mizizi mipya, ambayo hufyonza unyevu huo. Wakati uo huo, akiba ya chakula huelekezwa kwenye vichipukizi ili virefuke upesi na kutokeza juu. Matawi nayo hunasa mchanga zaidi, na kichaka na tuta lake vikainuka pamoja.

Hata hivyo, haya ni mashindano ya kasi. Mchanga ukipanda polepole, mmea huokoka. Ukipanda kwa ghafla, akiba huisha kabla ncha haijaona jua. Ndiyo sababu miche iliyofukiwa theluthi au nusu ya kimo chake aghalabu hustawi, ilhali mingi ya ile iliyofunikwa kabisa hufa. Mbegu nazo huota vyema zikiwa sentimita chache tu chini. Zikiachwa juu hupeperushwa au kukauka, na zikizama mno, chipukizi hufa njiani.

Kwa hivyo, miraba ya mabua haikuhitajika kuuzuia mchanga kabisa. Ilitosha kuupunguzia kasi hadi miche ishike mizizi.

Ajabu ni kwamba ushindi huo nao ulikuwa na gharama yake. Mchanga ulipotulia, gamba jembamba la vijimea vidogo mno lilitanda juu ya ardhi. Gamba hilo huzuia maji ya mvua karibu na uso wa ardhi, hivyo machache huifikia mizizi mirefu. Kadiri miaka ilivyopita, vichaka vilivyopandwa vilipungua, na nyasi na mimea midogo ya msimu ikachukua nafasi yake.

Funzo ni kwamba anayepanda mimea penye mchanga unaohama hapaswi kuhesabu miche pekee. Sharti kwanza ajue mchanga huo unasonga kwa kasi gani, na iwapo mmea aliouchagua unaweza kuukimbia.