Kuvuka Urusi kwa treni: kwa nini nilipita njia ya kaskazini

Mtu akisema anavuka Urusi kwa treni, wengi hudhani njia ni moja tu: Moscow hadi Vladivostok, kilomita 9,289, karibu siku saba. Lakini ukifika Tayshet, huko Siberia, reli zinaachana. Ya kusini ndiyo maarufu. Ya kaskazini huitwa BAM, kifupi cha Baikal-Amur, nayo inakwenda zaidi ya kilomita 4,000 hadi Sovetskaya Gavan, pwani ya mashariki.

Nilichagua BAM, na viza yangu ilikuwa imebakisha siku 16. Hapo ndipo penye hesabu. Kusini treni ni nyingi. Ikikupita hii utapanda ile. Kaskazini ni chache. Ukishuka Severobaikalsk kulitazama ziwa Baikal, yafaa uwe umeshajua utaondoka na treni gani. Kwa hivyo nilipanga kushuka mara mbili tu, hapo na Tynda, nikaweka siku nne za akiba. Tynda nikakuta vitanda vyote vimeuzwa. Siku mbili za akiba zikaishia hapo, na usingizi wangu pia.

Nilipata nini basi? Milima, mito, na msitu usiokwisha. Baina ya Severobaikalsk na Tynda kuna handaki la Severomuysk, zaidi ya kilomita 15, lililofunguliwa 2003. Kabla yake treni zilizunguka mlimani. Sehemu za mwanzo za reli hii zilijengwa na wafungwa, kisha kuanzia 1974 wakaletwa vijana wa kujitolea kutoka kila pembe ya Muungano wa Kisovyeti. Ukijua hayo, hutazami dirishani vivyo hivyo.

Mwenye viza ya siku chache, au asiyejua hata neno la Kirusi, naona apite kusini tu.

Kwa njia yoyote, behewa la bei nafuu ni platskart: vitanda 54, bila milango. Kupe ina vitanda vinne kwa chumba. Maji ya moto ni bure, basi beba majani ya chai, tende na samaki wa mkebe, maana chakula cha halali si rahisi kukipata njiani. Na kibla huko ni magharibi, si kaskazini kama kwetu Mombasa. Reli inapindapinda, mimi nilikuwa nikitazama dira kwanza.