Lengalenga ya Kiambi chini ya taa ya Winnipeg

Kule Kiambi, Kongo, mama alikuwa anamwaga mbegu za lengalenga kando ya mto Luvua, na mwezi haujaisha tunachuma mboga ya kulia bukari. Jua lilichomoza na kutua karibu kwa saa zile zile, Januari hata Juni. Hakuna aliyelihesabu.

Hapa Winnipeg, Kanada, nimelazimika kulihesabu. Mwishoni mwa Desemba mchana ni wa saa 8 tu, na nje ni barafu. Mwaka wa kwanza niliweka miche dirishani. Ikarefuka kama nyuzi, imepauka, imeegemea kioo, kisha ikaanguka yote. Nililaumu mbegu, kumbe ilikuwa njaa. Jani hula mwanga. Jua la adhuhuri hufika luksi laki moja. Sebule tunayoiona inang'aa usiku mara nyingi haifiki hata mia tano. Macho huzoea upungufu, jani halizoei.

Sasa nina taa ya LED ya wati 40, nimeining'iniza kwa mnyororo sentimita 20 juu ya majani. Mnyororo ndio siri yenyewe: miche ikipanda, taa nayo inapanda, isiachwe mbali, maana mwanga hufifia upesi kadiri unavyosogea. Wengi hununua zile za zambarau kwa kuwa nyekundu na buluu ndizo rangi ambazo jani huzitumia zaidi. Nyeupe inazo zote mbili, na chini yake naona jani lililoanza kuwa njano na mdudu aliyejificha.

Naiwasha kwa saa 16, naizima kwa saa 8. Lengalenga ikionja siku fupi hukimbilia kutoa maua na majani yanadumaa. Saa nyingi za mwanga huituliza ikaendelea kutoa mboga. Kwa mwezi taa inakula kama yuniti 19 za umeme.

Pilipili nayo inakubali, ila inataka joto ili iote, na ikichanua naigongagonga maua kwa kidole, kwa kuwa humu ndani hakuna upepo wala nyuki. Sombe, yaani majani ya muhogo, usijisumbue. Muhogo ni mti unaompita mtu kimo, na sufuria moja ya sombe hula kikapu kizima cha majani. Nunua ya kwenye friza.

Umeme huu hunikumbusha kwetu: juu ya Kiambi, kwenye maporomoko ya Piana-Mwanga, Wabelgiji walijenga mtambo wa umeme kwa ajili ya migodi ya bati ya Manono. Sisi nyumbani tulisomea koroboi. Hapa Manitoba pia umeme karibu wote unatoka mitoni, hasa mto Nelson, na huo umefika hadi kwenye chungu changu.

Ndugu uliye kwenye baridi, anza na lengalenga, wala usingoje majira ya joto. Jumamosi nimechuma sufuria moja, nikaiunga kwa karanga, na watoto wamemaliza yote.