Kuvu Kwenye Kiyoyozi: Ni Kazi ya Nani?

Ukiwasha kiyoyozi cha nyumba uliyopanga kikatoa harufu ya uvundo, huenda kimeota kuvu. Kuvu hustawi penye vumbi na unyevu, na hewa ya Mombasa haikosi unyevu. Kiyoyozi huipeperusha chumbani, nawe ukapiga chafya, ukakohoa na macho yakawasha. Mwenye pumu anaweza kubanwa kifua.

Je, ni kazi ya nani? Kwanza soma mkataba wako. Kwa kawaida mpangaji huosha chujio la vumbi. Mwenye nyumba humlipa fundi asafishe mtambo kwa ndani, azibue paipu ya maji na kuziba ukuta unaovuja. Mwandikie barua, ubaki na nakala. Usikate kodi bila makubaliano.

Akipuuza, mwone afisa wa afya ya umma wa kaunti yako. Chini ya Sheria ya Afya ya Umma, Sura 242, mwenye nyumba anaweza kuamriwa kuondoa hali inayodhuru afya. Kwa sasa zima kiyoyozi, fungua madirisha. Kumbuka, kinga ni bora kuliko tiba.